Shamba Safi la Mzee Orval

Kiwanda cha dizeli ya soya kilitangaza kwamba hakinunui soya peke yake, kinanunua na moshi wake. Yaani wanahesabu kila kitu: mafuta ya trekta, mbolea, lori, mtambo wa kukamulia, hadi dizeli yenyewe iungue kwenye injini ya mtu. Halafu wanakupa alama, na bei inafuata alama. Hapa Iowa siku hizi hata udongo unafanya mtihani.

Alama zetu zilitegemea jambo moja: tusilime. Plau ikipindua udongo, hewa chafu iliyofungiwa humo inatoka, na alama zinashuka. Basi mume wangu Delwyn akawa anapanda soya katikati ya mabua makavu ya mahindi, majirani wakitucheka, huku akichinja nguruwe kwenye kiwanda cha nyama mjini ili tule. Tukipita ukaguzi, angeacha kuchinja, abaki shambani. Bosi wake alikuwa ameshaagwa.

"Baba," nikamwambia mkwe wangu, mzee Orval, "Alhamisi mkaguzi anakuja kuangalia shamba."

"Hili? Na uchafu wote huu?"

"Ndivyo wanavyopenda, baba."

"Hakuna anayependa uchafu, mwanangu. Wanakustahi tu."

Nikacheka. Mjinga mimi!

Alhamisi tuliporudi kutoka kazini tulimkuta mkaguzi ameshafika, na gari kubwa kama kanisa, injini ikinguruma bila kazi. Si lazima mpima moshi naye achangie? Mbele yake shamba zima lilikuwa jeusi tii, bua moja halionekani. Mzee Orval alisimama kando ya trekta lake kuukuu, vumbi hadi kwenye nyusi, anatabasamu.

"Nani kalima?" mkaguzi akauliza.

"Mimi, tangu alfajiri. Mwanangu aaibike mbele za watu nami nipo?"

Mkaguzi akamvuta Delwyn pembeni. "Pole, kaka. Mkataba umevunjika, kwa mashamba yenu yote." Akapanda kanisa lake, akaondoka.

"Kasemaje?" mzee akauliza.

Nilishafungua mdomo. Nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe, za kumtosha yeye na trekta lake. Delwyn akanishika mkono.

"Kasema hajapata kuona shamba safi kama hili, baba."

Mzee akajifuta macho. "Basi kesho nakumalizia na lile la ng'ambo ya barabara."

"Haya, baba," Delwyn akasema, akaenda kumjazia trekta mafuta.