Mpira Uligusa Udongo

Mimi sina moyo wa kusamehe, na sijawahi kuuficha ugonjwa huo. Ryuhei Asanuma nimemwekea kinyongo miaka arobaini, na mwaka jana televisheni ikaniletea mtu wangu hadi mezani.

Ni ile tamthilia ya familia ya Jumamosi, saa sita mchana. Kijana wa miaka kumi na saba anapenda besiboli kuliko chakula, baba yake mvuvi hataki kuisikia, bibi yake anamshonea jezi kwa siri, na mji mzima unalia. Mtunzi ni Ryuhei. Kijana ni Ryuhei mwenyewe enzi zake, ila amejiongezea urefu. Halafu kuna mdakaji wa timu, yule anayeidaka mipira ya mtupaji, mnene, jina Tokuzo, anakula kila kitu na kuangusha kila kitu. Huyo ni kaka yangu Tokuji.

Tuliitazama dukani kwake, anakouza tambi za moto na mimi nilikuwa namsaidia. Sehemu ya tisa ikafika fainali ya mkoa. Mpira wa mwisho kabisa, Tokuzo anamchungulia msichana jukwaani, mpira unampita, mpinzani anakimbia hadi kituo cha mwisho, bao la ushindi, mchezo umekwisha. Mzee Hamaoka wa duka la mchele alicheka hadi akapaliwa na mchuzi.

"Tokuji, bakuli langu lilete kwa mikono miwili," akasema. "Tumekuona kwenye televisheni."

"Likifika nusu usinilaumu," kaka akajibu, akacheka pamoja nao. Lakini nilimwona akifuta bakuli moja lile lile mara tatu.

Utani huo anaula tangu ana miaka kumi na minane. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimemwahidi kazi na nafasi kwenye timu yao. Baada ya fainali kikatuma barua ya mistari miwili. Hata mke wake, marehemu sasa, alikuwa akimwita Mponyoko, na alimpenda.

Roho iliniuma, nikachukua kalamu. Gazeti letu la mkoa lina safu ya maoni ya watazamaji. Mmoja alikuwa amesifu machozi ya bibi. Mwingine aliandika kwamba Tokuzo ni mume wake mtupu, hata sabuni humponyoka. Mimi nikaandika: "Mpira ule haukumponyoka mtu. Uligusa udongo kwanza. Muulizeni mtunzi." Sikuweka jina.

Juma lililofuata Ryuhei akajibu kwa adabu zake zote. Anamshukuru mtazamaji, ila yeye amefuata daftari la alama la timu, lile lile linaloonyeshwa mwanzoni mwa kila sehemu.

Daftari hilo ninalijua. Mwandiko ni wangu.

Nilikuwa msichana mwandishi wa timu. Nilikaa benchi pembeni ya kocha na penseli mbili, na kila mpira uliotupwa niliutia alama. Mpira ukimpita mdakaji, mwandishi ndiye anayeandika kosa ni la nani. Ukigusa udongo kwanza, kosa ni la mtupaji, hilo hata watoto wanalijua. Nikaliandika kwa kaka yangu. Niliandika hivyo kwa sababu Ryuhei ndiye aliyekuwa mtupaji, na nilikuwa nampenda mpaka nikawa mjinga. Akaenda Tokyo, hakunitumia hata kadi ya mwaka mpya. Nilinyamaza nikimngoja, na nilipoacha kumngoja nikanyamaza kwa aibu.

Kabla sehemu ya mwisho haijarushwa, watu wa televisheni wakaja kuionyesha kwetu, kwenye ukumbi wa mji. Ryuhei alikuwa na mvi za kupendeza na skafu. Akamwita Tokuji jukwaani, akampa shada la maua, akamkumbatia.

"Huyu hapa Tokuzo wangu," akasema. "Na hili asiliangushe, jamani."

Watu wakacheka. Kaka alilishika shada kwa mikono miwili, kama alivyozoea. Mtangazaji akauliza kama kuna maoni ya watazamaji, nami nikasimama.

"Maoni yangu ni mafupi, Bwana Asanuma. Mimi ni Sonoe Kurihashi, na daftari lako niliandika mimi. Kaka alikuonyesha kidole kimoja, akitaka mpira ulionyooka. Ukaitikia kwa kichwa, kisha ukatupa wa kuzama, ule unaoshuka ghafla. Uligusa udongo hatua nzima mbele yake. Halafu ukanifuata nyuma ya basi, ukanibembeleza nimwandike yeye, kwa kuwa watu wa chuo kikuu waliotaka kukuchukua wangetaka kuliona daftari. Ukaniahidi ndoa. Sema si kweli, maikrofoni unayo."

Ryuhei akairekebisha skafu yake. "Bi Sonoe, hayo ni mambo ya zamani sana."

"Kwa hiyo ulitupa vibaya?" Mzee Hamaoka akauliza kutoka mstari wa mbele.

"Nilikuwa mtoto, mzee."

"Tokuji naye alikuwa mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mtangazaji akatazama karatasi zake, na jasho likamshuka Ryuhei mbele ya mji uliomlea. Nilitazama kila tone. Sitasema uongo, ilikuwa tamu, na ingeweza kuendelea hadi jioni nisichoke.

Ndipo nikamtafuta kaka kwa macho, tufurahi wote. Hakuwa akimtazama Ryuhei. Alikuwa akinitazama mimi.

Tulirudi dukani kwa miguu. Aliyaweka maua kwenye ndoo ya maji, akawasha jiko, akalizima tena.

"Uligusa udongo?" akauliza.

"Uligusa, kaka."

"Upande wa kushoto. Vumbi likaniingia jichoni."

"Ndiyo."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nimeuota mpira ule miaka arobaini, Sonoe. Kila nikiuota, unagusa udongo. Naamka, najiambia, acha kujidanganya, mwanamume mzima. Sonoe alikuwepo, Sonoe ameandika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kocha alisema huenda si kosa langu. Nikamwambia aangalie daftari, dada yangu hawezi kuniandikia uongo."

Nikaanza kumweleza habari za Ryuhei, ahadi zake, umri niliokuwa nao.

"Ryuhei ni Ryuhei," akasema. "Nilitegemea nini kwake?"

Aliinuka, akaitoa aproni yangu kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akaikunja mara nne vizuri sana, akanipa kwa mikono miwili. Nikaipokea.