Koti la Geneva

Mwaka huo shirikisho letu la watu wenye ulemavu lilikuwa likichagua mtu wa kwenda Geneva kutusemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Tulibaki wawili: mimi Wilfrido, na kiti changu cha magurudumu, na Zunilda, kiziwi mwenye vidole vikali kuliko ndimi zetu nyingi. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Hata koti la baridi nilishanunua, mimi mtu wa mji wa joto wa Asunción ninayetokwa jasho kivulini.

Mwenyekiti wetu, Don Nicanor, haoni. Kura zetu ni makofi: yeye husikiliza, na mkalimani wa viziwi humnong'oneza wangapi wameinua mikono. Siku hiyo mkalimani alikuwa ametoka kununua chipa, vile vimkate vyetu vya jibini.

"Wanaomtaka Wilfrido?"

Makofi yakalia. Ya wastani, ukweli usemwe.

"Wanaomtaka Zunilda?"

Kimya. Viziwi, zaidi ya nusu ya ukumbi, waliona makofi yangu yamekwisha, nao walikuwa wakitikisa mikono hewani, maana ndivyo wanavyoshangilia.

"Maskini, hana hata mmoja," akasema Don Nicanor. "Wilfrido, hongera."

Wenzangu wa viti vya magurudumu, wafuasi wangu, wakanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Nililifikiria koti. Zunilda, asiyejua kilichosemwa, akaniinamia akitabasamu, akanipigapiga begani kunifariji kwa kushindwa. Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Mwenyekiti, umekosea," nikasema. "Huku mikono imejaa juu."

"Mikono gani? Mbona sijaisikia?"

"Ndiyo shida yenyewe, mzee."

Wasioona wakaangua kicheko. Mkalimani akaingia na chipa mdomoni, nikamwambia ameze upesi, atangaze: tunarudia. Sakafu ni ya mbao. Mwenye miguu aipige sakafuni, asiye nayo apige meza. Viziwi wataihisi, Don Nicanor ataisikia.

Wangu wakagonga. Zamu ya Zunilda ilipofika, vikombe vikaruka mezani. Mkono wangu nao ukapiga meza, sikuuzuia.

"Hiyo ni kura au jengo linaanguka?" akauliza Don Nicanor.

"Ni kura, mzee. Nimeshindwa."

Zunilda alikwenda mwezi wa pili, wakati wa theluji. Picha yake ninayo ukutani: yuko mbele ya mabalozi, amevaa koti langu, mikono ya koti ameikunja mara mbili ili vidole vipate kusema.