Nguru wa Pasaka

Ronnie Mutai alizaliwa Bomet, kwenye mashamba ya majani chai, ambako maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Hilo halikumzuia kuwa mwongozaji wa uvuvi mjini Doha. Kwanza alikuwa mlinzi wa hoteli moja ya West Bay, kazi yake kuinua na kushusha kizuizi cha magari. Siku moja mzee wa Kikatari aitwaye Abu Nasir, mwenye boti za kuwakodishia watalii, alimsikia akimsimulia Mwingereza habari za papa. Mutai hakuwahi kumwona papa. Lakini Mwingereza alisikiliza mpaka gari lake likaziba njia nzima, na Abu Nasir akajua amepata mtu.

Boti yenyewe iliendeshwa na Biju, mtu wa Kerala asiyependa maneno. Mutai alikata chambo, akawafungia wageni ndoana, akawapiga picha na kuwaeleza mambo. Samaki akinaswa, alieleza jinsi alivyojua kwamba atanaswa. Asiponaswa, alieleza kwa nini samaki wenye akili hawali siku kama hiyo.

Mwezi wa pili, baridi ikielekea kuisha, upepo wa shamali ulivuma mfululizo na wageni wakakata safari. Boti zilifungwa gatini. Asubuhi Mutai aliosha fito za kuvulia, akazipaka rili grisi, akabadilisha mishipi iliyochakaa. Mchana alifanya kazi aliyoipenda zaidi, ya kupanga majira ya kuchipua. Ndivyo alivyoyaita, ingawa Doha hakichipuki kitu ila joto. Nguru, samaki wakubwa wa bahari kuu, wangepita mwezi wa tatu na wa nne. Yeye angefungua shule ya uvuvi. Kofia za shule alikuwa ameshazichagulia rangi.

Mipango hiyo aliimwaga mtaa wa Al Rayyan, sebuleni kwa Sista Edith. Edith alikuwa muuguzi mkuu wa wadi, na pia mwenyekiti wa kamati ya Pasaka ya kanisa lao, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kupendekeza jina lingine. Mwekahazina alikuwa Valerie, binti wa kazi za kompyuta, ambaye ndiye hasa aliyemfanya Mutai awe mwaminifu kwa vikao. Wa tatu alikuwa Fabian, dereva kutoka Masaka, aliyeunga mkono kila hoja ili kikao kiishe.

“Mwaka huu msihangaike na mbuzi wa sherehe,” Mutai alisema. “Nitawaletea nguru. Kanisa zima litakula na kubakisha.”

“Kanisa zima ni watu mia tatu,” Valerie alisema.

“Valerie, nguru wakianza kupita hapa, ni kama watu wa Kericho siku ya soko.”

“Wewe umeshawahi kumvua hata mmoja?” Sista Edith aliuliza.

“Sista, hilo ni kama kumuuliza rubani kama ameshapaa.”

Sista Edith aliona kwamba swali lake halijajibiwa. Wagonjwa humjibu hivyo hivyo akiwauliza kama wamemeza dawa.

“Basi tupeleke baharini kwanza,” alisema. “Kamati haipitishi samaki ambao haijawaona.”

Fabian akaunga mkono.

Nafasi ilijileta yenyewe. Abu Nasir alikwenda jangwani kuwinda na kipanga wake, akaagiza injini iliyotoka matengenezo ijaribiwe karibu na gati. Asubuhi ya Jumamosi Biju aliamka shavu limevimba kwa jino, akaenda kliniki. Kabla ya kuondoka alimwambia Mutai boti isiguswe. Mutai aliyachukua maneno hayo kama ushauri, akaiita kamati.

Upepo ulikuwa umetulia na bahari imelala. Sista Edith alikuja na viatu vyeupe na hotipoti ya chapati. Valerie alikuja na miwani ya jua. Mutai alishika usukani akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya kisanduku cha chambo, na akaanza kueleza. Alieleza mikondo. Alieleza tabia za nguru jike. Kisha akanyoosha mkono mbele.

“Mnaona yale maji ya kijani? Pale ndipo wanapopenda.”

“Kapteni,” Fabian alisema kwa heshima, “mbona pale kuna ndege wamesimama?”

“Wanaelea.”

“Nimeona magoti yao,” Valerie alisema.

Mutai alicheka kicheko cha mtaalamu na kuongeza mwendo. Chini ya boti kitu kikakwaruza, injini ikalia, chapati zikasafiri mpaka kwenye chambo, na boti ikatulia tuli juu ya fungu la mchanga. Ng'ambo, minara ya West Bay ilionekana vizuri mno, na chini yake ufuko wa hoteli ile ile alikokuwa mlinzi.

“Tumefika,” Mutai alisema.

Akawagawia fito. Wakatumbukiza ndoana katika maji yasiyofika goti, na kaa mmoja mdogo akaja kuzitazama. Watalii waliokuwa wakipiga makasia katika vijitumbwi vya plastiki walisogea, wakatoa simu na kurekodi. Mmoja akauliza kama kuna tatizo. Mutai akamweleza kwamba huu ni uvuvi wa kina kifupi, wa kale sana, unaotaka subira. Alieleza vizuri hata yule mgeni akaomba namba ya simu.

Maji yalizidi kupwa. Sista Edith alitazama saa yake, kisha boti, kisha Mutai, jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyeng'oa dripu.

“Akidi imetimia,” alisema. “Natangaza kikao. Hoja ni mbuzi. Nani anaafiki?”

Valerie aliinua mkono. Fabian aliinua wake, akakumbuka kwamba aliunga mkono nguru pia, akauliza kama anaweza kuhesabiwa pande zote mbili. Akaambiwa hapana.

Kisha Sista Edith akavua viatu, akajitwika mkoba kichwani, akakunja sketi na kushuka. Alikuwa na zamu jioni. Valerie alishuka nyuma yake bila kumwangalia Mutai. Walitembea majini mpaka ufukweni, kati ya wageni waliojianika kwenye vitanda, na mlinzi kijana wa Kikenya akawajia mbio.

“Mum, mnatoka wapi?”

“Kikaoni,” Sista Edith alimjibu, akaulizia bomba la kuoshea miguu.

Kwenye boti alibaki Fabian, kwa sababu aliona kuondoka ni utovu wa adabu. Kwa muda mrefu Mutai hakueleza kitu, jambo ambalo Fabian hakuwahi kuliona.

“Mama yangu amewaambia watu wa nyumbani mimi ni kapteni,” Mutai alisema mwishowe. “Nikirudishwa, nitawaambia nini?”

“Pole, ndugu.”

“Isitoshe Valerie ameona.”

“Ameona,” Fabian alikubali.

Mutai akashusha pumzi. Kisha, kwa kuwa kimya kilimuuma zaidi ya aibu, akaanza kumweleza Fabian jinsi mwezi unavyovuta maji. Alieleza kinyumenyume. Walinzi wa pwani waliwafikia alasiri na kuwavuta kwa kamba, propela ikiwa imepinda kama kijiko cha mtoto.

Video ilimfikia Abu Nasir jangwani kabla boti haijafika gatini. Alipiga simu akafoka mpaka kipanga akaruka. Alisema Mutai ataondoka na ndege ya kwanza. Lakini usiku ule wateja walioiona video walianza kumwandikia, wakitaka kwenda na yule jamaa wa subira, naye Abu Nasir hakujenga mali yake kwa kusikiliza hasira.

Kwa hiyo nguru walipowasili, tena kwa wingi, Biju aliwavua na msaidizi mpya. Mutai alipewa suti, meza na kiti kwenye ukumbi wa hoteli ile, ndani ya ubaridi na harufu ya udi, pamoja na beji kifuani iliyoandikwa Kapteni. Amri ilikuwa moja: asikaribie maji. Mapema mwezi wa nne safari zote zilikuwa zimejaa. Wageni waliondoka mezani kwake wakiwa wameshamwona samaki.

Siku moja Valerie alipita ukumbini akielekea mkutanoni na wenzake wa ofisi. Mutai alimwona, akajiweka sawa, akainua sauti kidogo na kuanza kumweleza Mjerumani habari za nguru jike. Valerie alisimama kungoja lifti. Alisikiliza mpaka mlango ulipofunguka, akatikisa kichwa, akaingia.