Waliopauka

Mtu akikulia kijijini Maguu, mkono wake unaijua kahawa kabla ya kalamu. Vitalia alikuwa hivyo. Tangu ana miaka sita alikaa juu ya turubai akichambua matunda: jekundu linabaki, la kijani na lililopauka linatupwa pembeni, na mama yake nyuma akikemea, "Nyekundu tu! Ukiniwekea mbichi utaila mwenyewe!" Sasa ana miaka hamsini na mbili, amepanga chumba Mbinga mjini, uani kwa Hasna muuza vitenge, na mkono ule haujasahau kitu. Laiti ungesahau!

Hasna alipoitwa Mbamba Bay kumuuguza mama yake, alimwomba Vitalia amtunzie kamba wake.

"Kamba? Za kufungia mbuzi?"

"Mama Joakim nawe! Kamba wa majini." Hasna akacheka, akamvuta hadi sebuleni kwenye tangi la kioo. Ndani walitembea viumbe wekundu, urefu wao haupiti kucha ya kidole gumba. Kaka yake, Twaha, ndiye aliyewaleta kutoka Dar. "Walikuja kumi, leo wamefika sitini. Hawaliwi hawa, ni wa kutazama. Wape chakula kidogo, maji yakipungua uongeze. Wekundu hawa, mama, ndio raha ya nyumba hii."

Uani pote walijua kwa nini. Hasna aliishi na mume miaka kumi na moja bila mtoto, akaitwa tasa mbele za watu, akarudishwa kwao na masanduku mawili. Sasa kila alipoona kamba mwenye mayai chini ya tumbo, aliita majirani: "Njooni muone, ana mimba!" Nao walikwenda, wakapiga vigelegele kwa ajili ya mdudu.

Basi Vitalia alisikia "wekundu", akalishika hilo hilo. Wiki ya pili akagundua kwamba wengine ni wadogo, wembamba, wamepauka, hawana rangi ya maana. Akamhurumia mwenye mali. Akavuta kigoda, akachukua chujio la chai, akaanza kuchambua, mmoja mmoja, kwa subira. Waliopauka wakaenda kwa kuku. Tangi likabaki jekundu tupu, mwenyewe akajisifu: daraja la kwanza!

Baada ya miezi miwili Hasna akarudi, akashukuru sana, kisha akauliza mbona wamepungua. Vitalia alitaka kueleza kazi yake nzuri, ila alipoona anavyowahesabu kwa kidole, akaogopa kutaja kuku.

"Wachache walikufa," akasema.

Wiki zikapita, mayai hayakuonekana. Hasna akabadilisha maji, akabadilisha chakula. Migongoni mwao ilionekana alama ya njano, ndiyo mayai yaliyokomaa, lakini hayakushuka tumboni. Mwishowe akamtumia Twaha picha.

Twaha alipopiga, Hasna alikuwa anaswali. Vitalia akaipokea simu.

"Shikamoo, mama. Mwambie dada humo sioni dume hata mmoja. Madume ni wale wadogo waliopauka. Wekundu sana ndio majike. Sasa wale wamekwenda wapi? Na awahi, maana umri wa kamba ni mfupi. Hawa wakizeeka hivyo, kizazi kimekwisha."

Vitalia akageuka kuwatazama kuku uani. "Nitamwambia," akasema.

Hakumwambia. Hasna alipomaliza swala akauliza ni nani aliyepiga, akajibiwa, "Twaha, anakusalimu." Jioni nitasema, Vitalia akajiahidi. Jioni ikafika, akasema kesho. Siku nne zikapita hivyo. Kuku wakidonoa uani, aliwafukuza kana kwamba wao ndio wenye dhambi. Jumapili wenzake walipokwenda kupokea komunyo, yeye, kwa uongo ule, alibaki kwenye benchi, akijua watu wanamtazama.

Siku ya tano alimkuta Hasna amechuchumaa mbele ya tangi.

"Matasa tu hawa," Hasna akasema, akacheka kidogo. "Wamefika kwa mwenzao."

Loo! Vitalia hakuweza tena.

"Usiwaite hivyo, dada! Hawana kosa. Madume niliwatoa mimi. Niliona wamepauka, nikawachambua kama kahawa, nikawapa kuku. Twaha alinieleza, nami nikakuficha. Siku nne nimekuacha unawalaumu hawa, na mwenye kosa ni mimi."

Hasna akasimama.

"Kuku?"

"Kuku."

"Umenikata maini, Mama Joakim. Na uongo juu yake! Nimekasirika, usidhani sijakasirika." Machozi yalikuwa yanamtoka. Hata hivyo alichukua simu, akampigia kaka yake. "Twaha, nitumie madume kwa basi la kwanza. Ndiyo, wale wabaya. Wasio na rangi kabisa."

Akakata simu. Kisha akasema, kama anayeongea peke yake, "Miaka kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyesema labda kosa si la huyu."

Hasna akainama mpaka pua ikagusa kioo, akawaambia wale majike taratibu neno ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

"Nisameheni."