Sentensi ya Pili

Madereva wenzake walimwita Kamba, kwa sababu hakuna kifurushi kilichopanda gari lake bila kufungwa kikafungika. Jina hilo hakulipenda wala hakulichukia. Vitu alivyovipenda vilikuwa mbali, nyumbani, na huko hakuna aliyemwita Kamba.

Huko alikuwa na mume, fundi cherehani, na mama mkwe mwenye mguu mbovu na ulimi mzima. Huko ndiko ilikokuwa njia yake ya kusambaza vifurushi, mpaka kampuni ilipopiga hesabu zake na kuamua kwamba miji midogo inakula hela, ikamkabidhi mkandarasi njia zote za huko. Kamba akaambiwa achague: aache kazi, au ahamie bohari kuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alihama, maana cherehani peke yake isingenunua dawa za mguu ule. Mume hakuweza kumfuata, kwani mama yake hawezi kupanda basi, na hakuwa na wa kumwachia.

Basi akabaki kutamani nyumba yake mpaka akawa anajionea haya. Alituma vifurushi: nyuzi, vifungo, vitu ambavyo mumewe angevipata kwa kuvuka barabara tu. Mume akamwuliza kwenye simu kama siku hizi amefungua duka la nyuzi. Angemwelezaje? Alitaka tu kitu kilichotoka mikononi mwake kipite barabara ile, kipunguze mwendo kwenye kona ya shule, kibwekewe na mbwa wa mwenye duka la dawa, kifike mlangoni. Aliyekipeleka sasa alikuwa dereva wa mkandarasi, anayelipwa kwa kila kifurushi na kujaza mafuta kwa fedha zake mwenyewe. Hata huyo maskini wa Mungu, Kamba alimwonea wivu.

Ndiyo maana chama cha wafanyakazi kilipotafuta watu wa kukaa mezani na kampuni kuhusu mkataba mpya, alijitokeza kabla hajaulizwa. Walikuwa watatu: yeye, mwenyekiti wa tawi, na mpakiaji mmoja wa bohari. Walikubaliana kwamba hakuna kitakachotiwa saini iwapo mmoja wao amekataa. Wazo hilo lilikuwa la mwenyekiti, siku aliyoamka na moyo mkubwa.

Kifungu cha wakandarasi chama kilikiandika kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kampuni haitampa mkandarasi njia yoyote inayoendeshwa na dereva wa chama. Ya pili ilisema njia zilizokwisha kutolewa zirudishwe, na madereva wake warudi kwazo. Ya kwanza ilikuwa ya wote. Ya pili ilikuwa ya wale walionyang'anywa, na kati ya hao wengine wote walishaacha kazi. Alibaki Kamba.

Mwanasheria wa kampuni, mtu wa tai nzuri na mafua yasiyokwisha, alilifahamu hilo vizuri.

"Ya kwanza chukueni," alisema. "Ya pili ifutwe. Mkizing'ang'ania zote mbili mtakosa zote, na njia za mashariki zinakwenda kwa mkandarasi mwezi ujao." Akapenga kamasi kwa adabu zote. "Nipeni jibu baada ya chakula."

Kwenye kantini, mpakiaji aliisukuma sahani yake kando. "Anatutisha huyo. Tukaze."

"Hatutishi," alisema mwenyekiti. "Mkandarasi keshakuja kukagua magari. Nimemwona kwa macho yangu."

Kisha wote wawili wakawa wanatazama chakula chao. Hawakumwomba. Laiti wangemwomba, angewagombeza moyo ukapoa.

Ndipo akaja Mzee Taratibu, dereva wa njia mojawapo ya mashariki, aliyepewa jina hilo kwa namna anavyoendesha. Akaweka kikombe cha chai mbele ya Kamba. Kamba akamkazia macho.

"Usiniangalie mimi," alisema mzee. "Nimeleta chai tu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona huli." Akageuka aondoke, miguu ikamkatalia. "Unajua, dada, kwangu ni njiani kabisa. Mchana nasimamisha gari, nakula na mke wangu, ananisema kidogo, naondoka." Hapo akasikia mwenyewe alichokisema, na kwa nani, uso ukamshuka. "Nisamehe. Sikuja kusema hivyo."

Kamba alitaka kumzaba kibao, na alitaka kulia. Chakula cha namna hiyo alikijua ladha yake. Akamwona mzee huyu, kwa umri ule, kwenye chumba cha kupanga katika mji wa watu, akijipikia kwa sufuria moja na kula akitazama ukuta. Hakujiona mtu mwema hata kidogo. Alijiona mtu aliyebanwa.

"Waambieni wafute," aliwaambia wenzake, kisha akainywa chai yote ili asiulizwe kitu.

Mwanasheria alipitisha mstari mmoja wa kalamu, kazi ikaisha. Uwanjani madereva walimbeba mwenyekiti juu juu na kupiga honi. Kamba akajibanza nyuma ya gari lake, akapiga simu nyumbani.

"Vipi, dereva?" Cherehani ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti ya mumewe. "Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Zote mbili?"

Cherehani ikanyamaza.

"Yetu imefutwa," alisema Kamba. "Nimeridhia mwenyewe. Bila hivyo wote wangekosa."

"Ningekuwa mimi, nisingekubali," alisema mumewe. Akashusha pumzi. "Uongo. Ningekubali, halafu ningelia."

"Nalia."

"Nakusikia."

Kisha mumewe akashusha sauti.

"Sasa kuna mama," alisema mume. "Nilimwambia leo mnatia saini ili urudi. Yeye kaelewa unafika leo. Toka asubuhi amekaa mlangoni na mguu wake, hataki hata kujilaza. Mimi siwezi kumwambia."

"Mpe simu."

Kulikuwa na mkwaruzo wa kiti, kisha sauti iliyozoea kuwasema watu. "Wewe mtoto! Umefika wapi?"

Kamba alijifuta uso kwa mkono wa sare. Mbele yake magari yalikuwa yamepangwa mstari, yote ya njia za hapa.

"Niko njiani, mama."

"Haya, usikimbize gari," alisema mama mkwe. "Sisi tupo."