Miluzi Kutoka Kwenye Barafu

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagongagonga gizani, maharage yanachemka. Nilikisikia kwa mbali, hedifoni masikioni. Taa nilizima mwenyewe, kwa sababu tyubu ya jikoni ilikuwa inavuma, na mvumo wake ukiingia kwenye hedifoni unafunika kile ninachotafuta.

Kaseti nilizokuwa nasikiliza zilitoka chuoni, Westville, hapa hapa Durban. Dokta Fatima, anayetufundisha fizikia masomo ya jioni, ndiye aliyenipa kibarua: sikiliza, kila ukisikia mluzi weka alama. Zimerekodiwa kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia, kwa antena iliyosimikwa kwenye theluji. Radi inapiga huko kaskazini. Wimbi lake linapanda, linaiacha hewa yote chini, linafuata sumaku ya dunia mbali angani, halafu linashuka kusini. Likifika limevutika, limekuwa mluzi: fyuuuuu, kutoka juu kwenda chini. Kwa miluzi hiyo Dokta anajua huko juu kuna nini. Mimi kila mluzi ukipita natabasamu tu. Binti yangu Bupe alikuwa ameegemea goti langu. Nilikuwa namuahidi kimoyomoyo kwamba mwakani mama yake naye atakuwa mwanafunzi wa mchana.

Taa ikawaka. Gadiel, mume wangu, alikuwa mlangoni na sare yake ya ulinzi wa bandarini.

"Unamchekea nani gizani?"

"Kazi, Baba Bupe. Ile ya chuo."

"Lete hapa."

Akavaa hedifoni. Kila rekodi inaanza na sauti ya fundi wa kituo cha huko barafuni, mwanaume, anataja tarehe na saa kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Halafu miluzi. Nikaona taya lake linakaza.

"Anakupigia miluzi."

"Ni radi hiyo, jamani."

"Radi!" Akacheka. "Mimi nilikuita vipi nyuma ya nyumba ya baba yako, Tukuyu? Si mluzi? Ukatoka mbio, hata viatu huna! Leo ni radi?"

Ngumi ilinikuta mdomoni kabla sijajibu. Nilionja damu, na kitu kigumu juu ya ulimi: jino. Akachomoa waya wa hedifoni, akanichapa nao mgongoni, usoni, mikononi nilipojikinga. Kaseti akaivunja kwa kisigino, utepe ukatapakaa sakafuni.

"Jina lake! Nitajie jina!"

"Simjui! Yuko kwenye barafu, Gadiel, hajawahi kuniona!"

"Kumbe unajua aliko!"

Akanishika nywele, akanigonga kwenye kabati, mara ya pili, ya tatu. Nikapapasa juu ya jiko, nikaikamata sufuria kwa mkono mtupu, nikaivuta. Maharage yakamwagika miguuni mwake. Alipiga yowe. Nilidhani nimepona. Nikamfuata Bupe chini ya meza alikojificha, na hapo hapo waya ukapita shingoni mwangu. Akaukaza. Nilipiga teke, nikakwaruza mikono yake mpaka ngozi ikabaki kwenye kucha. Taa ikawa nyekundu, halafu ndogo.

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Open! Mimi Haroon!" Ni mlinzi wa jengo letu hapa South Beach, mzaliwa wa Durban. Kiswahili amejifunzia kwetu wapangaji.

Waya ukalegea, ukaingia mfukoni mwa Gadiel. Akafungua mlango nusu.

"Eish, brother. Iko nini humu? Floor nzima inasikia."

"Mke wangu kaanguka, kaka. Kabeba sufuria ya moto, kateleza. Ona hata mimi nilivyoungua."

Haroon akanichungulia pale sakafuni, hatua moja tu kutoka mlangoni. "Mama Bupe, uko sharp? Uko sawa?"

Nilifungua mdomo. Damu ilitoka, sauti hakuna. Nikainua mkono, Gadiel akainama, akaudaka na kuufinya kwa upole wa mume mwema.

"Apumzike tu," akasema. "Ya nyumbani haya, kaka. Asante."

Haroon akakuna kichwa. Mambo ya mke na mume, nilisoma usoni mwake. Akarudi hatua moja nyuma. Nilijua mlango ule ukifungwa sitatoka hai, na mwanangu atabaki naye. Gadiel akaanza kuusukuma.

Bupe akatoka chini ya meza, utepe umemnasa mguuni. Akapita chini ya mkono wa baba yake, akashika suruali ya Haroon.

"Baba amemkaba mama na waya."