Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Bisibisi iliingia hadi mpini.

Mulenga alikuwa amelala chali chini ya motokari yake, kwenye mchanga wa ufuko wa ziwa, Kashikishi, akigonga chuma kama alivyofundishwa: gonga, sikiliza, gonga, sikiliza. Chuma kizima hulia. Hapa, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, kilikohoa kama mzee ndani ya gunia. Akasukuma bisibisi kidogo tu, kwa adabu, nayo ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Alipoichomoa, kutu ikamwagika usoni, tabaka kwa tabaka, nyekundu kama maganda ya kitunguu. Kipande kimoja kikamwingia mdomoni. Kilikuwa na chumvi.

Akakitema.

Chumvi ile aliijua. Miezi mitatu nyuma, Zacharia, kaka wa mkewe na fundi pekee aliyeaminika ufukweni, aliikagua motokari hii kutoka mbele hadi nyuma.

"Mulamu," Zacharia alimwambia, maana ndivyo mashemeji wa kule wanavyoitana, "unabeba samaki ya chumvi mu motokari ya batu. Maji yake inashuka, inakula chuma. Toa kiti, toa mukeka. Kwangua kutu yote na brashi ya waya mpaka chuma kionekane cheupe. Kisha rangi nyekundu, kisha lami. Na kila siku ukishusha samaki, osha na maji ya ziwa. Usikwangue penye kuonekana tu."

Mulenga alikwangua penye kuonekana tu. Milango na mabawa ya magurudumu ya mbele vilipata rangi nyekundu, na juu yake nyeusi ya kung'aa, hata wanawake wa sokoni wakawa wanakagulia meno yao pale. Lakini chini ya kiti, ambako mtu hana budi kujikunja na kukwaruza kama panya, alichoka. Watu wa ziwani hupaka visu na majembe mafuta ya samaki visishike kutu, na mafuta hayo hufaa kweli, yakiyeyushwa kutoka tumbo la kambale mbichi. Kuyeyusha ni kazi ya siku nzima. Mulenga akachota utandu wa mafuta ulioelea juu ya pipa la samaki wa chumvi, akaupaka juu ya kutu unene wa kidole, akarudisha mkeka, akatangaza: "Imepona, mulamu. Hata babu yako akifufuka, atapanda."

Basi kwa miezi mitatu aliilisha kutu chumvi, akaifunika vizuri ipate kula bila kusumbuliwa. Na sasa Zacharia alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya ziwani, siyo ile ya pwani.

"Mulenga." Miguu ya mkewe, Eness, ilisimama kando ya gurudumu. "Toka huko. Mguu ya mama imekuwa mweusi."

Mama Olipa, mama mzazi wa Eness, alikuwa amekanyaga mwiba wa kambale siku nne zilizopita. Lori la samaki lilikuwa limeondoka jana. Hospitali ya misheni ilikuwa kusini, mwendo wa asubuhi nzima kwa motokari, na kwa machela siku tatu ambazo mguu mweusi hauna.

"Motokari si ulisema imepona?" Eness aliuliza.

"Imepona," alisema Mulenga. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Watu wanne walimbeba Mama Olipa, maana alikuwa mama wa kujaza mlango. Mulenga aligeuza uso akatazama ua wa mabua. Hakuwa bado ameingizwa ukweni: karamu ya kumfungulia njia ilikuwa haijapikwa, na hadi ipikwe, mkwe hamtazami mama mkwe wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Kwa hiyo Eness alitundika kitenge nyuma ya kiti cha mbele, kiwe ukuta.

"Mwambie mama akae kushoto," Mulenga alinong'ona.

"Kwa nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limeoza, lina tundu la bisibisi. "Kulia kuna jua," alisema.

Eness alimtazama kama anayetazama mbuzi aliyevaa kofia. "Tunakwenda kusini, ni asubuhi. Jua iko kushoto." Akamketisha mamaye kulia, kivulini, mguu mgonjwa ukiwa umenyooshwa kwenye kiti.

Wakaondoka. Barabara ilikuwa ya mikunjo-mikunjo, na kila mkunjo Mulenga aliupanda kwa meno yaliyoumana. Akiona shimo, alilipita kwa mwendo wa kinyonga.

"Unabeba mama ao unabeba mayai?" Eness alisema. Lakini alikuwa amemuuguza mamaye siku nne bila kufumba jicho, na kabla hawajavuka kijito cha pili kichwa chake kiliegemea dirisha, akalala.

Wakabaki wawili mwendo mrefu, na kitenge katikati.

Kwanza alisikia mlio mdogo, krii, kila gurudumu la nyuma liliposhuka. Kisha akaona vumbi jekundu likipenya kando ya kitenge, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Akalitazama vumbi lile jinsi mtu anavyotazama nyoka aliye upande wa pili wa chumba.

Nyuma ya kitenge sauti ikasema, taratibu, "Weye kiti, unashuka kwenda wapi?"

Mama Olipa hakuwa akisema naye. Alisema na kiti. Mulenga akaukazia macho usukani. "Usukani," alisema, "ambia kiti kingoje kidogo. Tuko karibu."

Hawakuwa karibu: kwa miguu bado ilikuwa nusu siku.

"Kiti," sauti ikasema tena, "minaona barabara kati ya miguu yangu. Inakimbia."

Mbele barabara iliteremka kuelekea daraja la magogo. Mulenga alikanyaga breki. Kanyagio likashuka hadi chini, laini, halikushika kitu. Akaelewa papo hapo: waya wa breki ulipita kwenye ule ule mwamba wa chesisi, boriti ya chuma ya chini ya kiti, uliooza, na mwamba ukiisha kulegea, waya nao umelegea. Motokari ikaanza kuchukua kasi yake yenyewe.

"Kiti," sasa sauti ilikuwa ikitetemeka, "nguo yangu inavutwa chini."

Mulenga aliona yote kana kwamba kitenge hakipo. Chini ya tundu lile kulikuwa na shafti, chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Nguo ya mama ilikuwa imeangukia humo, na chuma kilikuwa kikiisokota, kikimvuta mwenyewe kiunoni. Na Mama Olipa alikuwa ameing'ang'ania. Mama mtu mzima avuliwe nguo hatua moja kutoka kwa mkwewe? Afadhali shimo.

Alitafuta maneno ya kuuambia usukani. Hayakuwepo.

"Mayo," alisema, akimwita mama kwa mdomo wake mwenyewe, "fungua nguo. Achilia yote. Mimi ndiye nilidanganya, chini hapo hakuna chuma, kuna mafuta ya pipa tu. Fungua, mayo, nakuomba."

Nguo ikachanika mahali. Magogo ya daraja yalikuwa yameshaonekana moja moja.

"Usigeuke," Mama Olipa alisema.

Akasikia fundo likifunguka, kisha kitu kikapigapiga chini ya motokari kama ndege aliyenaswa. Mulenga akakata kona kulia na kuipeleka motokari kwenye kichuguu. Kichuguu kikaipokea. Eness akaamka kwa kugonga paji la uso, akapiga yowe moja, kisha kukawa na vumbi na harufu ya petroli.

Mlango wa nyuma ulikataa kufunguka. Gari lilikuwa limekunjika mgongo, likaubana mlango. Ikabidi kung'oa kitenge cha ukuta, Mama Olipa ajifunge hicho hicho, na Mulenga amshike mikono na kumtoa kwa mbele, uso kwa uso. Kiti chenyewe kilikuwa kimeinamia tunduni, na ukingo wa tundu ulikuwa mwembamba kama ganda la yai.

Alimbeba mgongoni. Eness alitangulia mbio kuomba machela, huku paji likivuja damu. Mulenga alitembea, na kila mguu ule ulipogusa ubavu wake alihisi moto wake. Mara mbili Mama Olipa alinyamaza muda mrefu, na mara zote mbili Mulenga aliita, "Mayo?" akasubiri mpaka mama alipoguna. Machela iliwakuta jua likiwa utosini.

Jioni, dresa wa misheni, mfunga vidonda aitwaye Nkonde, alitoka akifuta mikono. Usaha umetoka, alisema. Mguu utabaki. Ungefika kesho, tungekata, na huenda tungechelewa hata kukata.

Mulenga akaitwa ndani. Alisimama mlangoni akitazama sakafu.

"Tazama huku," alisema Mama Olipa. "Tumeisha kusemezana, hakuna ya kuficha tena. Mafuta ya pipa, ulipaka lini?"

"Miezi mitatu, mayo."

"Mu miezi mitatu, nani alikaa pale?"

"Samaki," alisema Mulenga, akajaribu kutabasamu.

"Na Jumapili?"

Tabasamu likafia hapo. Jumapili alikuwa amewapeleka watoto wa kwaya kijiji cha Kafutuma. Kumi na mmoja, saba wamerundikana nyuma. Njia nzima waliimba, na kwa kuwa ngoma haikupata nafasi ndani ya motokari, walipiga mdundo kwa visigino, wote pamoja, juu ya mkeka. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wakanyage kwa nguvu zaidi.

Alianza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, nani alikaa dirishani, nani katikati. Alipofika kwa yule mdogo aliyeketishwa chini kabisa, juu ya mkeka upande wa kulia, kati ya miguu ya wenzake, alishika chuma cha kitanda, akakigonga kwa kidole, akasikiliza.